Ujumbe Uliokwama Kitale

Lori la buluu lilikuwa mbele yake kwa mita mia mbili, na Nasimiyu alikuwa amechoka kujificha.

Akakanyaga mafuta.

Subaru Forester ikaruka tuta, ikatua vibaya, ikaendelea. Barabara ya Kitale kwenda Kiminini ilikuwa imejaa matope ya matrekta, na kila upande mahindi makavu yalisimama yakisubiri wenyewe waje kuyavuna. Nasimiyu hakuyatazama. Macho yake yalikuwa kwenye namba ya lori na kwenye tabuleti iliyobandikwa karibu na usukani.

Kwenye tabuleti, nukta nyekundu ilikuwa imesimama kwenye kituo cha mafuta, mwisho wa mji wa Kitale. Ilikuwa hapo tangu saa nane kamili mchana.

Sasa ilikuwa saa nane na dakika ishirini, na lori lilikuwa linakwenda.

Nukta ile ilikuwa Daud.

Daud alikuwa fundi wa magari wa Bungoma mjini, mtu mpole, baba wa watoto wawili, anayeweza kukuambia ugonjwa wa Isuzu akiwa bado hajafungua boneti. Kwa wiki sita alikuwa amekaa na genge la Absalom kama fundi wao, akiwatengenezea malori na kumpasha Nasimiyu habari. Leo alikuwa ndani ya lori lililovuka mpaka wa Suam na magunia ya alizeti juu na bunduki sitini chini.

Nasimiyu ndiye aliyemwingiza. Peris Nasimiyu, jasusi wa serikali, miaka minane kazini, jina la kazi Kumi na Saba. Alienda mwenyewe nyumbani kwa Daud nyuma ya msikiti, akanywa chai ya mkewe, Sumeya, akamwahidi: "Mama Salman, akiniita tu, ndani ya dakika kumi niko naye." Sumeya aliinua birika. Alimwongezea chai.

Nasimiyu alilipita lori, akalikata mbele. Breki zikalia. Akatoka na bastola yake, Glock, mkononi.

"Shuka. Mikono juu."

Aliyeshuka alikuwa mzee wa miaka sabini, kofia ya sufu kichwani. Mkono mmoja juu ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa na nusu ya andazi.

"Mama, mimi nimefanya nini?"

"Jina?"

"Wepukhulu. Napereka kabichi Webuye."

Nasimiyu alifungua turubai. Kabichi. Akachomeka mkono katikati, akachimba mpaka kwenye bega. Kabichi tu. Akazunguka nyuma kutazama namba ya gari, akaona skrubu mpya zinang'aa kwenye bati kuukuu.

"Mzee, ulisimama pale kwa mafuta?"

"Nilisimama. Niliingia hoteri kunywa chai. Kidogo tu."

"Kidogo dakika ngapi?"

"Si unajua chai ya maziwa, mama. Ati ilikuwa moto."

Genge lilikuwa limebadilisha namba za malori mawili wakati mzee anapuliza chai. Mwanamke ambaye Nairobi walimwita mkali kuliko wote alikuwa amefukuza kabichi kwa dakika ishirini. Alitukana kwa Kibukusu, lakini moyoni, kwa heshima ya mzee.

Simu ikaita.

"Kumi na Saba."

"Nakusikia, Mama Wilkista."

Wilkista alikuwa ndiye masikio ya Bungoma. Miaka thelathini na mmoja kwenye redio za serikali, sasa msimamizi wa chumba cha mawasiliano, na bado hakuamini kitu chochote kinachoandikwa na mashine.

"Daud hajaniambia yupo," alisema.

"Tangu lini?"

"Saa nane. Kila robo saa lazima aniambie yupo, hata kama hana neno. Hiyo ni sheria yangu. Na ya saa nane na nusu nayo inakuja."

"Kitale wanasemaje?"

"Nimewapigia. Yule msichana Fridah anasema Daud ametuma ujumbe mara mbili. Ati skrini yake imeandika zimetumwa."

"Na wewe?"

"Mimi sijapata hata moja. Sasa mwanangu, kwa kitabu niandike nini?"

Nasimiyu alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Usiandike kitu. Nakwenda Kitale."

*

Kituo cha Kitale kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi zake zilinuka dawa ya kupe. Hakikuwa na kibao. Ndani kulikuwa na kabati la chuma lenye seva, meza, chupa ya chai ya lita tatu, na watu wawili.

Fridah alikuwa fundi wa kompyuta, miaka ishirini na sita, misuko imefungwa kwa penseli. Brandt alikuwa mhandisi wa kizungu wa mkataba, mrefu, mwenye Kiswahili kizuri na adabu nyingi. Alikuwa amekuja wiki tatu zilizopita kuboresha mitambo. Kila mtu alimpenda, na hilo peke yake lingetosha kumtia Nasimiyu wasiwasi.

"Kila kitu ni kijani, madam," Fridah alisema kabla hajaulizwa. "Ona. Ujumbe wa Daud wa saa nane na dakika nne, imetumwa. Wa saa nane na robo, imetumwa."

"Bungoma hawajapata."

"Ndiyo sielewi."

"Fungua tusome."

"Hatuwezi. Sisi ufunguo hatuna. Zinaingia zimefungwa, tunazipitisha, Bungoma ndiyo wanafungua."

Brandt alitabasamu. "Mambo haya hutokea. Zima, washa. Dawa ya kila kitu."

Na kwa kweli ndiyo dawa ya kila kitu. Kuanzia Kitale mpaka Bungoma hakuna televisheni, mita ya kupima unyevu wa mahindi wala simu iliyogoma ambayo haikutibiwa kwanza kwa kuzimwa na kuwashwa. Fridah alikuwa ametoka chuoni akiwa na dawa hiyo, na nyumbani aliikuta. Kidole chake kilikuwa tayari kinashuka kwenye kitufe.

"Ngoja," Nasimiyu alisema. "Ukizima, zile za Daud zinaenda wapi?"

Kidole kikasimama hewani.

"Fridah."

"Zinapotea, madam." Sauti ilikuwa imeshuka. "Kwa usalama hatuhifadhi kitu. Kama hazijatoka, zimo kwa kumbukumbu ya mashine tu. Nikizima zimeenda."

"Kwa hiyo huenda hazijatoka?"

Fridah akavuta kiti, akaanza kuandika haraka. Mistari ikapita kwenye skrini. Halafu akaacha kuandika, akakaa anatazama.

"Hii si mashine ya kushika kwa mkono," alisema. "Ni mashine ya kubuniwa, inakaa ndani ya hiyo seva kubwa. Hata kadi yake ya mtandao ni ya kubuniwa. Ziko mbili. Ya kuingiza ni nzima, ndiyo maana Daud anaandikiwa imetumwa. Ya kutoa imekufa."

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu ana hoteli Kiminini. Sawa. Jikoni kuna trei mia mbili hamsini na sita. Mpishi anaweka chakula kwa trei, anasukuma dirishani. Wa nje anachukua chakula, anarudisha trei tupu, anagonga kengele. Mpishi akisikia kengele anajua kuna trei. Hiyo kengele ndiyo tunaita katizo la kutuma."

"Sasa?"

"Kengele ikilia kwa kila trei, mpishi hafanyi kazi. Kwa hiyo draiva, ile programu inayoendesha kadi, huizima kengele. Mpishi anaokota trei tupu mwenyewe akileta chakula kingine. Hiyo ni kawaida. Lakini trei zikijaa zote, lazima draiva iiwashe tena kengele, kwa sababu sasa mpishi hana trei ya kuwekea chakula, anangoja tu." Alionyesha mstari mmoja kwenye skrini. "Hapa haiwashi. Saa nane kamili kuna mtu alituma takataka mia mbili hamsini na sita kwa mpigo. Trei zikaisha. Mpishi amekaa anangoja kengele ambayo imezimwa. Daud yuko nyuma kwa foleni, na ile nukta yake pia."

"Nani aliweka draiva hii?"

Fridah aligeuza kiti. Alimtazama Brandt.

Brandt hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa ameshafika kwenye kabati, mkono wake ukinyooka kuelekea swichi kubwa ya umeme.

Nasimiyu hakuwa na nafasi ya kuchomoa Glock. Alinyakua chupa ya chai.

Lita tatu zilimpata Brandt kwenye sikio. Alipiga goti, akatia mkono ndani ya koti, akatoa bastola ndogo. Nasimiyu alimkanyaga kiwiko. Bastola ikaserereka chini ya meza. Pingu zikalia mara mbili, na mhandisi akawa amefungwa kwenye mguu wa kabati lile lile alilotaka kulizima.

"Lori liko wapi?"

"Mimi ni mtu wa kompyuta."

"Lori liko wapi, Brandt?"

"Hutajua," alisema kwa upole, chai ikimdondoka kwenye kidevu. "Bungoma ni kiziwi mpaka jioni."

Skrini ikalia kidogo.

"Madam." Fridah alikuwa amepauka. "Ujumbe wa tatu wa Daud umeingia. Saa nane na dakika arobaini na nne. Umewekwa alama ya dharura."

"Kwa foleni?"

"Kwa foleni."

Alikuwa ameita. Huko aliko, simu yake ilikuwa imemwandikia imetumwa, na Daud alikuwa ameanza kuhesabu dakika kumi. Nasimiyu aliona uso wa Sumeya, na birika.

"Unaweza kuiwasha hiyo kengele bila kuzima mashine?"

"Sijawahi kufanya hivyo mashine ikiwa inatembea. Nikikosea inaanguka, na kila kitu kinaenda."

"Usikosee."

Akaita askari wawili waliokuwa zamu chini, dukani, wamlinde Brandt, akachukua simu ya mzungu, akaifungua kwa kidole cha mwenyewe na kuiweka mbele ya Fridah, akaunganisha simu yake, ya Fridah na ya Wilkista kwenye mstari mmoja. Kisha akashuka ngazi mbili mbili.

*

Kutoka Kitale lori lingeweza kuwa limefika popote. Lakini lililazimika kupita Kamukuywa, na Kamukuywa kuna njia panda: moja kwenda Kimilili, nyingine kushuka Misikhu na Webuye.

Nasimiyu alifika njia panda saa tisa na dakika tano. Hapo akalazimika kufanya kitu asichokiweza.

Akasimama.

Injini ilinguruma bure. Mama mmoja muuza ndizi alimkaribia dirishani, akamtazama usoni, akarudi alikotoka.

"Fridah."

"Naandika, madam."

"Mama Wilkista, gari lako liko wapi?"

"Watu sita wako Webuye. Niwapeleke wapi?"

"Bado sijui."

"Simu ya Absalom haiwezi kufuatiliwa?"

"Nairobi wanasema itachukua saa mbili."

Vidole vya Fridah vilisikika vikigonga. Halafu vikaacha.

"Madam, simu ya Brandt imeingia ujumbe. Ni Absalom."

"Soma."

"Anasema... anasema, gari dogo limefika. Huyu fundi tummalize?"

Nasimiyu alishika usukani kwa mikono miwili.

"Jibu. Andika: Bado. Nina maswali yake."

"Nimetuma. Niulize wako wapi?"

"Brandt anajua walipo. Ukiuliza, wanajua si yeye."

"Amejibu. Anasema harakisha."

"Wewe ndiye uharakishe, Fridah."

"Nimemaliza." Alivuta kibodi karibu. Ilisikika. "Nawasha kengele sasa. Moja. Mbili."

Nasimiyu alingoja. Wilkista, kilomita nyingi kutoka hapo, alikuwa ametulia mbele ya skrini yake.

"Mama Wilkista?"

"Sina kitu."

"Fridah?"

"Imewaka. Mashine haijaanguka. Kengele iko, naiona iko!" Fridah alikuwa karibu kulia. "Lakini hailii. Kwa nini hailii?"

Nyuma yake Brandt alicheka, pole pole, na askari akasikika akimwambia anyamaze.

Dakika ikapita. Saa tisa na dakika tisa.

Wilkista ndiye aliyesema kwanza, kwa ile sauti yake ya kazini isiyopanda wala kushuka.

"Wewe msichana. Hiyo kengele ilikuwa imezimwa tangu saa nane?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo wa nje, wa kurudisha trei. Yeye naye alikuwa amezimwa?"

"Hapana. Yeye alikuwa anafanya kazi yake."

"Basi sikia. Sisi wa redio, ukiwa umezima kipokezi, ukishawasha hukai kungoja. Unauliza tena mara moja. Bado upo? Kwa sababu yule mtu huenda aliongea wakati umezima. Ameshamaliza kuongea. Hawezi kuongea tena eti kwa sababu tu wewe umewasha."

Kiti cha Fridah kilisikika kikisogea.

"Trei," Fridah alinong'ona. "Zote zimesharudi. Zilirudi saa nane. Hakuna mpya ya kugonga kengele. Lazima niangalie dirishani mwenyewe."

"Basi angalia, mwanangu."

Vidole. Haraka sasa, kama mvua kwenye mabati.

"Mia mbili hamsini na sita," Fridah alisema. "Tupu. Zote ni tupu. Naziokota. Foleni inafunguka. Inaenda. Madam, inaenda!"

"Napata," Wilkista alisema wakati huo huo. "Takataka... takataka... Daud. Saa nane na dakika nne: wamebadilisha namba, tuna ya lori la kabichi. Daud tena. Saa nane na robo: mzungu amempigia Absalom, anasema Bungoma ni kiziwi."

"Wa tatu, mama."

"Wa tatu: Misikhu. Ua nyuma ya soko, geti la kijani. Wamejua. Njoo."

Subaru ilikuwa imeshageuka.

"Watu wako wa Webuye wapande Misikhu. Bila king'ora. Wafunge barabara, wasiingie."

"Nani ataingia?"

"Mimi."

*

Ilikuwa siku ya soko Misikhu, na watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Nasimiyu aliacha gari karibu na kinu cha kusaga. Akajifunga leso kiunoni, akatupia gunia tupu begani, akaingia katikati ya nyanya, mitumba na kuku waliofungwa miguu. Alitembea kama mama mwenye haraka ya kawaida.

Geti la kijani lilikuwa wazi kidogo. Kijana mwenye kifua kipana aliziba upenyo.

"Leo hatuuzi, mama."

"Nimetoka mbali, bana. Hata debe moja la alizeti."

"Nimesema hatuuzi."

"Basi niandikie namba ya bosi, nitapiga simu."

Akampa kalamu ya Bic. Kijana akaipokea upande wa ncha, na ncha haikuwa na wino ila sindano ya dawa ya usingizi. Alitazama kidole chake kwa mshangao, akakalia kizingiti, akalala. Nasimiyu akaichukua kalamu yake, akampita.

Ndani kulikuwa na lori la buluu, na nyuma yake gari dogo, Probox nyeupe iliyofunguliwa mlango. Wapagazi wawili walikuwa wanahamisha masanduku marefu. Absalom, mtu mnene mwenye shati la maua, alikuwa amekaa juu ya gunia na simu mkononi. Karibu na gurudumu la nyuma la lori, Daud alikuwa amepiga magoti. Mikono ilifungwa nyuma kwa kamba ya magunia. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga.

Lile jingine lilimwona Nasimiyu.

Halikuonyesha furaha. Lilimtazama tu.

Mpagazi mmoja aliiona Glock, akaachia upande wake wa sanduku. Lilipoanguka, Absalom aligeuka, na kwa unene wake alikuwa mwepesi ajabu. Mara akawa nyuma ya Daud, bastola shingoni mwake.

"Weka chini hiyo kitu."

Nasimiyu hakuiweka.

"Mwachie, Absalom."

"Wewe ni nani? Hakuna mtu anajua tuko hapa. Mzungu alisema hakuna kitu imetoka."

"Ilitoka."

"Saa ngapi?"

"Ulizia kortini."

Bastola ilisukuma shingo ya Daud mpaka kichwa kikainama. Nasimiyu alitafuta nafasi ya kulenga. Shati la maua lilionekana kidogo juu ya bega la Daud, kidogo pembeni, na kila alipolenga, Absalom alijisogeza. Kidole cha Absalom kilikuwa kwenye kifyatulio. Nasimiyu aliogopa, wala si kwa ajili yake mwenyewe.

Daud alibaki ameinama. Lakini mikono yake, nyuma ya mgongo, ilikuwa imefika kwenye gurudumu, na mikono ya fundi haihitaji macho. Ilipapasa. Ikapata vali. Ikazungusha.

Tairi la lori likapiga mluzi.

Hewa ilitoka kwa kelele iliyojaza ua wote, ikapuliza vumbi la alizeti usoni mwa Absalom. Aliruka kando. Kidogo tu, hatua moja.

Ilitosha.

Risasi ya Nasimiyu ilimpata begani. Bastola ilianguka, na mwenyewe akaifuata, akajiviringisha kwenye alizeti akiita mama yake. Wapagazi walikuwa tayari wamelala kifudifudi bila kuambiwa.

"Webuye, ingieni," Nasimiyu alisema kwenye redio yake ya Motorola. "Ambulensi moja. Mtu wetu yuko hai."

Kisha Wilkista akasema, "Namshukuru Mungu," na sauti yake ikapanda na kushuka.

*

Nasimiyu alimkata kamba mwenyewe. Daud alikaa, akaegemea tairi lililolala, akasugua viganja vyake mpaka damu ikarudi. Masanduku yalikuwa yanatolewa na kuhesabiwa na watu wa Webuye. Nje, soko lilikuwa limenyamaza lilipoisikia risasi, na sasa lilikuwa linaanza tena, taratibu.

"Saa ngapi?" Daud aliuliza.

"Tisa na dakika ishirini na tano."

"Niliandika saa nane na dakika arobaini na nne."

"Najua."

"Simu iliandika imetumwa. Nikasema basi, dakika kumi. Nikahesabu huku wananipiga. Kumi zikaisha, nikasema labda barabara ni mbaya, nikahesabu kumi nyingine." Aligusa jicho lililovimba. "Za tatu sikuhesabu. Nilianza kumuaga Sumeya."

Nasimiyu alikuwa na maelezo yote. Draiva, trei, kengele, foleni, mzungu. Yote yalikuwa ya kweli. Hakutoa hata moja.

"Nisamehe, Daud. Niliahidi, na sikutimiza."

Daud alimtazama kwa lile jicho moja.

"Umekuja," alisema. "Hiyo sitaisahau, dada. Lakini mimi kazi yenu nimeacha. Leo hii. Na wewe ndiye ukamwambie Sumeya kwamba nimeacha. Mimi nikimwambia hatanisadiki."

"Nitamwambia."

"Mbele ya watoto."

"Mbele ya watoto."

Akamwacha mikononi mwa wahudumu wa ambulensi, akatoka nje ya geti la kijani. Leso bado ilikuwa kiunoni. Kijana wa mlangoni bado alikuwa amelala, sasa akiwa na pingu. Simu ikaita. Mathenge, mkubwa wake wa Nairobi.

"Kumi na Saba. Nimepata habari. Bunduki sitini, mzungu mmoja, genge zima, na hatukupoteza mtu. Kazi safi sana."

"Tumempoteza mmoja, afande. Ameacha kazi."

"Ataliwazika. Watu husema hivyo wakiwa wamepigwa."

"Huyu hapana. Na kwa ripoti andika kwamba nilichelewa."

"Ulichelewa wapi? Mtu yuko hai. Hiyo tunaita kuwahi."

Nasimiyu alipisha mama aliyebeba beseni la dagaa, akaangalia kulia na kushoto, akavuka barabara.

"Muulize Daud," alisema.

Akakata simu, akaingia garini, akageuza uso wa Subaru kuelekea Bungoma.